Nani Aliyeiangusha Nguzo Mama? Haki za Binadamu, Sheria na Mjane wa Njombe

Kila mwaka, semina ya tamthilia inapofikia Nguzo Mama ya Penina Muhando, jibu huwa ni lilelile. Mwalimu anauliza: kwa nini nguzo haikusimama? Mikono inanyooshwa, na kabla hata swali halijapoa tumeshajibu: wanawake wenyewe hawapendani. Wanagombana, wanasengenyana, kila mmoja anavutia kwake. Tunaandika hivyo kwenye mtihani, tunapata maksi zetu, tunakwenda zetu kula. Katika makala hii fupi ninakusudia kulipinga jibu hilo. Hoja yangu ni kwamba tumeisoma tamthilia hii kana kwamba kijiji cha Patata hakina sheria. Tukiiweka kando ya sheria za nchi, na kando ya jinsi haki za binadamu zilivyozibadilisha sheria hizo, tutagundua kuwa tatizo la kwanza la wanawake wale lilikuwa ardhi waliyosimama juu yake, na wala si ndimi zao.

Kwa faida ya wasiokuwa wameisoma, nieleze kwa ufupi. Tamthilia ilichapishwa mwaka 1982. Bi Msimulizi anatusimulia habari za kijiji cha Patata, ambako wanawake wanataka kuisimamisha nguzo iliyolala chini. Wanajaribu, wanashindwa. Katikati ya jitihada hizo tunaonyeshwa maisha ya mmoja mmoja, na miongoni mwao yumo mjane anayeporwa mali na ndugu wa marehemu mumewe. Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Wahakiki wengi hulipita tukio hilo mbio mbio, wanalihesabu kama "matatizo ya mwanamke katika jamii", namba tatu au namba nne kwenye orodha ya dhamira. Mimi nasema ndilo ufunguo wa mchezo mzima.

Hebu tujiulize, jamani. Mjane yule wa mwaka 1982 angekwenda wapi? Tuseme wenzake wote wa Patata wangependana kama mapacha. Tuseme hakuna aliyemsengenya mwenzake hata siku moja. Wangeshikana mikono waende mahakamani, na huko wangekuta nini?

Wangekuta maandishi mawili. La kwanza ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo kwa wakati wake ilikuwa ya kimaendeleo kwelikweli. Iliziweka ndoa za kidini, za kimila na za kiserikali chini ya sheria moja. Ilitamka kwamba mume au mke hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Iliruhusu mahakama, ndoa inapovunjika, kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Lakini sheria hiyo ilimtazama zaidi mwanamke anayeachwa; habari za mwanamke anayefiwa ziliachiwa maandishi ya pili, yaani Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililokusanya mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Humo mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Binti naye amewekwa daraja la mwisho, na ardhi ya ukoo anaweza kuitumia maisha yake yote lakini hawezi kuiuza, labda ukoo uwe umeishiwa wanaume. Na juu ya maandishi hayo mawili hapakuwa na kitu cha kuyapima. Katiba ya wakati huo haikuwa na sura ya haki za binadamu ambayo raia angeweza kuipeleka mbele ya hakimu.

Kwa hiyo, ninavyoisoma mimi, nguzo ya Patata ilikuwa inasimamishwa juu ya mwamba. Shimo lilikuwa halijachimbwa. Kuwalaumu wanawale wale kwa kutoshikamana ni sawa na kumlaumu mkulima wa Makete kwa kutovuna minazi.

Sasa tuangalie shimo lilivyoanza kuchimbwa, maana habari yenyewe haikuenda moja kwa moja kama tunavyosimuliwa kwenye sherehe za Machi 8.

Jembe la kwanza lilipigwa mwaka mmoja tu baada ya tamthilia kuchapishwa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, ilitoa hukumu katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Swali lilikuwa dogo kwa maneno, kubwa kwa maana: je, kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa? Mahakama ikasema ni mchango. Ajabu ya shauri hili, ambayo mwandishi yeyote wa tamthilia angeionea wivu, ni kwamba Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu. Mahakama iliona kuwa fungu lake alikwisha kulipata katika fedha alizopewa na mumewe, naye akazitapanya. Alishinda kanuni akapoteza shauri. Wanawake waliomfuata ndio waliovuna. Nalitaja hili makusudi kwa sababu wapo wanaodai kuwa kila haki ya mwanamke wa Tanzania imeletwa na mikataba kutoka nje. Hii ya 1983 ilitoka ndani, katika sheria yetu wenyewe ya 1971, kabla ya mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake kuridhiwa.

Kisha likaja jembe la pili. Mwaka 1984 sura ya haki iliingizwa katika Katiba, na Katiba hiyohiyo ikatamka kwamba heshima ya binadamu itafuata Tangazo la Dunia kuhusu Haki za Binadamu, lile la mwaka 1948. Mwaka 1985 Tanzania ikaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake. Serikali iliomba muda wa miaka mitatu kabla wananchi hawajaanza kuishtaki kwa kutumia sura ile. Muda ukaisha Machi 1988.

Angalieni tarehe zinavyofuatana. Mwezi Agosti mwaka huohuo, wilayani Muleba mkoani Kagera, mama mmoja aitwaye Holaria Pastory aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo. Bei ilikuwa shilingi 300,000. Kesho yake tu, mwanaume wa ukoo wake, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo kwamba mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Akashinda. Mahakama ya Wilaya ikamgeuzia. Akakata rufaa hadi Mahakama Kuu ya Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya akatoa hukumu ambayo, kwa maoni yangu, inastahili kusomwa katika darasa la fasihi na si la sheria peke yake.

Kwa nini darasa la fasihi? Kwa sababu jaji alikuwa anafanya kazi ileile tunayoifanya sisi: kusoma matini moja kwa mwanga wa matini nyingine. Alilisoma Tangazo la 1963 mbele ya Katiba, Katiba akaisoma mbele ya Tangazo la Dunia, mbele ya mkataba wa wanawake na mbele ya Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Baada ya kuzunguka hivyo alirudi Muleba na kusema kwamba mwanamke anaweza kuiuza ardhi aliyoirithi kwa masharti yaleyale yanayomhusu mwanamume. Hakuidharau mila kama mila. Aliipa mila na sheria ya Bunge kipimo kimoja. Hivi ndivyo haki za binadamu zinavyofanya kazi ndani ya sheria ya nchi: zinakaa juu kama macho ya msomaji mkali, na kila sentensi ya zamani inalazimika kujieleza upya mbele yao.

Lipo jambo moja la lugha ambalo wanafunzi wa Kiswahili hatupaswi kulipita. Katiba yetu imeandikwa kwa Kiswahili, na Kiswahili hakimtengi mwanamke kwa kiwakilishi. "Yeye" ni mke na mume. "Kila mtu", inaposema kila mtu anayo haki ya kumiliki mali, ni pamoja na bibi yangu. Lakini kwa miaka mingi palikuwa na upungufu: kifungu cha 13 kilipoorodhesha mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo, kilitaja kabila, rangi, dini na mengineyo, jinsia hakikuitaja. Neno hilo liliingizwa mwaka 2000. Neno moja, herufi sita! Kabla yake wakili alilazimika kuzunguka mlima kumtafuta mwanamke ndani ya "mtu". Baada yake mwanamke anasomeka waziwazi. Tunaojifunza mtindo tunajua kuwa neno moja linaweza kugeuza shairi zima, basi tusishangae likigeuza sheria.

Neno hilo halikuja peke yake. Mwaka 1995 ulimwengu ulikutana Beijing katika mkutano wa wanawake ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella. Ndani ya nchi, vyama kama TAMWA na TAWLA vilikuwa vimeshapaza sauti. Mwaka 1998 Bunge likapitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, na mwaka 1999 zikapita Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Hii ya mwisho inasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na kwamba mila yoyote inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Inasema pia kuwa Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, na watatu kati yao wawe wanawake.

Mpaka hapa nimesema habari za maandishi. Lakini tamthilia ni utendaji, na sheria nayo vilevile. Inaandikwa Dodoma, inachezwa kijijini. Ndiyo maana nataka tupande kidogo kwenda Makambako na Njombe, ninakotoka, tuone wachezaji wa huko wanaucheza vipi mswada huu.

Kwa nini Njombe? Kwanza, kwa sababu ardhi ya huko imepanda thamani. Milima ambayo zamani ilikuwa ya ulezi na kuchungia ng'ombe sasa ni mipaini, ni chai, ni viazi mviringo, ni maparachichi. Shamba la miti si jani la kula leo; ni benki ya miaka mingi, na mume akifa kabla ya kuvuna, kila ndugu anakumbuka ghafla kuwa alishika jembe. Pili, kwa sababu ya msiba. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011 na 2012, Njombe ilikuwa mkoa wenye maambukizi makubwa ya Ukimwi kuliko mikoa yote, asilimia 14.8 ya watu wa miaka 15 hadi 49. Ugonjwa huu umetuachia wajane wengi, tena wenye watoto wadogo. Tatu, na hili ni la kejeli, kwa sababu Njombe hiyohiyo ndiyo iliyotoa Spika wa kwanza mwanamke wa Bunge la Tanzania, Anne Makinda, aliyekikalia kiti hicho kuanzia 2010 hadi 2015. Mwanamke wa Njombe ameongoza chumba kinachotunga sheria. Je, mwanamke wa Njombe anailalia sheria hiyo usiku na kuamka nayo asubuhi?

Nilibahatika kuhudhuria usuluhishi mmoja katika kijiji kilichoko kando ya barabara ya Makambako kwenda Njombe. Mjane alikuwa anadaiwa na shemeji zake shamba la mipaini. Wazee walizungumza sana, tena kwa adabu. Walimwita mama, wakampa pole, wakasema hawamfukuzi, wanataka tu mali ya ukoo ibaki kwenye ukoo. Mjumbe mmoja mwanamke, mtu mzima, alikuwa kimya muda wote. Mwishowe akamwambia shemeji mkubwa kwa upole: "Baba, hii miti ilipokuwa midogo, majani yake alikuwa anapalilia nani?" Kimya kikatanda. Yule mama, pengine bila kupata kusikia jina la Bi Hawa Mohamed, alikuwa ameuliza swali la Mahakama ya Rufani ya 1983. Na aliliuliza kwa sababu sheria ya 1999 ilikuwa imemwekea kiti. Bila ile hesabu ya watatu kati ya saba angekuwa jikoni anapika chai ya kikao.

Lakini ngoja, tusishangilie mapema. Baraza lile kazi yake ni kusuluhisha tu. Mirathi yenyewe huenda Mahakama ya Mwanzo, na mlangoni mwa mahakama hiyo huwa linatangulia karatasi moja: muhtasari wa kikao cha ukoo unaopendekeza msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa familia ile niliusoma kwa jicho la mhakiki. Shemeji wote wameandikwa kwa majina matatu matatu. Mjane ameandikwa "mke wa marehemu". Hana jina. Ni mhusika anayezungumziwa, hazungumzi. Fasihi ina istilahi nyingi za hali hiyo. Kijijini wanaiita utaratibu.

Makambako mjini mambo yako namna nyingine. Ni mji wa njia panda: barabara kuu ya kwenda Zambia, njia ya kwenda Songea, na reli ya TAZARA. Watu wanakutana, wanapanga chumba, wanafungua kibanda cha chakula, wanaishi kinyumba bila sheikh wala padri. Sheria ya 1971 ilikwisha kuliona hilo: mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawatambua kama mke na mume, sheria inachukulia kuwa wameoana, mpaka ithibitike vinginevyo. Waulize akina mama lishe wa stendi kama wanakijua kifungu hicho. Wengi watakwambia, "Mwanangu, mimi sikuolewa, nilikaa tu." Neno hilo "nilikaa tu" linafuta miaka kumi ya kazi. Kumbe sheria inamwita mke, na yeye mwenyewe anajiita mkaaji.

Hapo tunarudi kwenye ule mwamba. Mila ya urithi ya 1963 ilipingwa waziwazi na wajane wawili wa Shinyanga waliofukuzwa majumbani kwao. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni zile ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Ilihofia kuwa ikifuta moja, mila za makabila zaidi ya 120 zitafuata mlango huohuo. Ikasema njia ni halmashauri za wilaya kuzirekebisha mila hizo. Rufaa ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya karatasi. Wajane wakavuka mipaka, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa wanawake ikawapa haki na kuitaka Tanzania ibadili sheria zake. Linganisheni na 1990. Maandishi ni yaleyale, Katiba ni ileile, tena sasa imeongezewa neno jinsia. Jaji mmoja aliisoma akafungua mlango. Mwingine aliisoma, akauona mlango, akaogopa kitasa. Haki za binadamu, basi, hazijisomi zenyewe. Zinategemea msomaji, na msomaji akiogopa zinabaki wino.

Najua wapo watakaonijibu kwamba haki hizi ni za Wazungu na kwamba mila zetu zilimtunza mjane. Kwamba zilimtunza, sikatai. Zipo koo Ubena zinazomtunza hata leo. Lakini mila ile ilimtunza kwa kumpa ardhi ya kulima na watu wa kumlinda. Siku hizi ulinzi umekwenda, madai ya ardhi yamebaki. Kuhusu ugeni wake, wahenga walishasema: mgeni njoo mwenyeji apone. Holaria Pastory hakuwa Mzungu. Wala yule mama wa barazani.

Watakuwapo pia watakaosema naigeuza tamthilia kuwa kitabu cha sheria. La hasha. Nasema tu kwamba usanii wa Penina Muhando ni mkali kuliko majibu yetu. Aliwaonyesha wanawake wanaogombana, ni kweli. Lakini pia alimweka mjane kati yao, aone nani atauliza mali yake imekwenda wapi. Sisi tukachagua kutazama ugomvi kwa sababu ugomvi unachekesha, na kwa sababu jibu la "hawapendani" halimdai mtu yeyote kitu. Jibu langu linadai. Linamdai jaji asome kwa ujasiri. Linazidai halmashauri zetu, za Njombe na za kwingineko, zile mila ambazo mahakama ilisema ziko mikononi mwao. Linamdai katibu wa kikao cha ukoo aandike jina la mjane.

Na sisi wa darasa la fasihi linatudai nini? Angalau hili: semina ijayo, mwalimu atakapouliza kwa nini nguzo haikusimama, mmoja wetu anyooshe mkono na kuuliza kwanza nani alikuwa na hati ya kiwanja. Mjadala uendelee.